Ashiki ya Mtu na Wazimu wa Msimu

Suali tulilolipata mwezi huu limetoka mbali na pwani. Aliyeliandika ni mtu wa kwetu mwenye duka katika soko la Kenyenya, nchi ya Kisii. Baada ya salamu aeleza kwamba nyumbani kwake wako watu wawili wanaomsumbua. Wa kwanza ni mdogo wake, ambaye kila mwaka huja na jambo jipya. Mwaka 2014 alikuwa mfugaji wa kware. Kisha akaacha, akashika jingine, na jingine tena, na sasa ataka akopeshwe fedha za kuanzia lililo jipya zaidi. Wa pili ni mwanawe, kijana wa miaka 14, ambaye hana neno ila njiwa. Huwaamkia kabla ya chai, humjua kila mmoja kwa rangi ya shingo yake, na amejaza daftari zima kwa khabari za mayai na makinda. Mwulizaji asema: haya yote mimi nayaona ni upuuzi wa namna moja, na nimeazimu kulivunja tundu la njiwa ili kijana huyu asije akawa kama ami yake. Je, nifanye hivyo?

Jibu letu ni kwamba asilivunje. Na kabla hatujafika katika hukumu ya njiwa, twapenda kumweleza kwa nini mambo haya mawili si namna moja, maana tumeona wengi wakiyachanganya, hata watu wenye kusoma.

Moyo wa mwanadamu hunasa. Hilo si aibu, ndivyo ulivyoumbwa, na asiyenaswa na kitu chochote ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini yuko anayenaswa na kitu chenyewe, na yuko anayenaswa na kelele za watu waliokizunguka kitu. Wa kwanza watu humcheka, kwa kuwa hawaoni anachokiona. Wa pili hachekwi na mtu, kwa kuwa wote wamo humo pamoja naye. Na hapo ndipo tunapodanganyika: la mtu mmoja twaliita wazimu, na la watu wengi twaliita maendeleo.

Tuwatazame hao kware, kwa kuwa mwulizaji amewataja na kisa chao kina mengi ya kusomwa. (Wako kwetu wanaowachanganya na kwale, ndege mkubwa wa vichakani. Huyu tumsemaye ni mdogo, mtu humfumbata kwa kiganja kimoja.) Mwisho wa mwaka 2013 ilienea khabari katika Kenya kwamba yai la kware ni dawa: ya shindikizo la damu, ya sukari, ya pumu, ya nguvu za kiume, na ya kila kinachomsumbua msikilizaji. Bei ya yai moja ikapanda hata shilingi 50, na mahali pengine 100. Sasa yai hilo lina uzito wa kiasi cha gramu 10. Matano ndiyo yanayolingana na yai moja la kuku, ambalo siku hizo lilikuwa likiuzwa kwa kiasi cha shilingi 10 hivi. Basi mtu alitoa shilingi 250, au 500, kwa chakula ambacho angalikipata kwa 10. Ni chakula kizuri, hatukatai. Lakini hakuna utabibu uliothibitisha kwamba chaponya maradhi yale.

Hata mjini kwetu tulimsikia mtu akileta ushahidi wa dini, akisema kwamba huyu ndiye salwa waliyeteremshiwa Bani Israili. Ni kweli wafasiri wengi wamesema salwa ni kware au ndege mfano wake. Lakini hatukumwona mfasiri aliyesema ni dawa ya sukari. Na hao walioteremshiwa hawakukawia kuchoka, wakaomba adesi na vitunguu.

Katika nchi ya Kisii jambo lile lilikuwa na mvuto wa pekee, na mvuto huo si wa kuchekwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti hiyo, nao ni zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Ardhi imegawanywa baina ya ndugu, na watoto wa ndugu, hata mgomba wa huyu hutia kivuli chake katika chai ya yule. Mtu mwenye kishamba kama hicho akiambiwa kwamba yuko ndege asiyetaka malisho wala uwanja, ambao mia moja hukaa katika banda lisilozidi kitanda, ataacha kusikiliza? Mdogo wa mwulizaji aliuza ng'ombe wa maziwa. Kisha ilimpasa kutafuta kibali, kwa kuwa kware kwa sheria alihesabiwa mnyama wa mwitu, na ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori zilijaa watu wenye haja kama yake.

Lakini sifa ile ile iliyowavuta watu ndiyo iliyowaangamiza. Yai la kware huangua kwa kiasi cha siku 17, na jike huanza kutaga akiwa wa wiki sita au saba, ambapo kuku hungojewa karibu miezi mitano. Mwenye majike kumi mwanzo wa mwaka aweza kuwa na mamia kabla ya mwaka kwisha, na jirani yake vile vile, na jirani wa jirani. Na nani aliyekuwa akinunua? Wagonjwa walikuwapo, na wenye mahoteli wachache. Lakini sehemu kubwa ya mayai na vifaranga ilinunuliwa na watu waliotaka kuanza kufuga, ili nao wawauzie watakaoanza baada yao. Maadamu kila wiki walitokea waanzaji wapya, bei ilisimama. Walipokwisha waanzaji, hapakuwa na mlaji. Kabla ya mwaka 2014 kumalizika yai lilikuwa limeshuka hata shilingi chache, na wako waliokosa mnunuzi kabisa. Katika banda la ndugu huyu, kwa mujibu wa barua, sasa hutiwa kuni.

Ng'ombe aliyeuzwa huonekana hasara yake. Hasara isiyoonekana ni ya mgonjwa aliyeacha dawa zake akategemea yai. Na hili si geni: mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, upande wa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa akitoa kikombe cha maji ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yakajipanga kilomita nyingi, mengine yametoka Kenya. Wako waliorudi kwao wakatupa vidonge vyao kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Baada ya miezi michache njia ile ikawa tupu.

Na ndugu zetu wa mjini wasisome haya wakasema: ndio watu wa bara. Wazee wetu walikuwa na beni. Mombasa ilipogawanyika baina ya Kingi na Scotchi, watu wazima walishonesha mavazi ya kijeshi, wakanunua matarumbeta, wakachinja ng'ombe kwa ng'ombe, na kusudi lilikuwa ni kuwapita wale wa upande wa pili katika kutumia. Aliyeshinda alikuwa ni aliyefilisika zaidi. Walionaswa na muziki wenyewe, twadhani, waliweza kuhesabiwa kwa vidole.

Turudi kwa kware tuonyeshe upande wa pili, kwa kuwa ndege ni yule yule. Jirani za Wakisii ni Wajaluo, na kwao kware wa porini, wamwitaye aluru, amekuwa akinaswa tangu zama za babu. Mtegaji huwa na madume yake katika vitundu vidogo vya kusuka, huviangika juu ya mti mrefu, na alfajiri madume yakilia, kware walio njiani hushuka na kuingia katika vitanzi vilivyotegwa chini. Nyama yake huliwa na kuuzwa, hatusemi kwamba ni mchezo mtupu. Lakini dume aitaye vizuri hachinjwi. Hulishwa na kutunzwa, na mwenyewe huondoka kitandani gizani, katika umande, kwa ajili yake. Mwaka 2013 ulikuja, na mwaka 2014 ukapita, na mtegaji huyu hakupandishwa wala hakushushwa na bei ya yai. Hata Wajapani, ambao kwao ndiko alikotoka kware wa kufugwa, walimfuga kwa karne nyingi kwa kupenda sauti yake, na biashara ya mayai ikaja baadaye, mwanzo wa karne ya ishirini. Ingalikuwa si watu wale waliokaa wakisikiliza ndege, asingalikuwapo ndege wa kutaga.

Hii ndiyo tofauti. Mtu wa namna hii hujifunza. Anajua mambo ya kitu chake ambayo hayamo katika tangazo lolote, na hakuna anayemlipa kwa kuyajua. Yule wa msimu, mwulize baada ya mwaka kware hula nini, atakwambia kwamba hilo alikuwa akilijua muuza chakula.

Ama hukumu ya njiwa, Imamu Nawawi ameieleza wazi. Kuwafuga kwa mayai, kwa makinda, kwa kuliwazwa nao au kwa kupeleka barua, kwafaa bila ya karaha. Kuwarusha na kuwashindanisha kwa mchezo, kauli iliyo sahihi ni kwamba ni makuruhi. Ikiingia kamari, hapo ushahidi wa mtu hurudishwa. Na ile hadithi iliyo kwa Abu Daud ya mtu aliyeonekana akimfuata njiwa, wanavyuoni wameichukua kwa huyo wa mchezo unaomshughulisha mtu na wajibu wake. Basi mwulizaji atazame: kijana asali kwa wakati? Asoma masomo yake? Ndege wana maji na chakula, na jirani hawaudhiki? Ikiwa ndivyo, basi hana la kumkemea, na kulivunja tundu ni kumdhulumu kijana na viumbe pia.

Yuko mtoto mwingine aliyekuwa na ashiki ya ndege, naye ni Abu Umair, mdogo wake Anas. Alikuwa na kidege akikichezea, kikafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona ana huzuni alimwuliza khabari za kidege chake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kulikuwa na watu waliowacheka wapokezi wa hadithi, wakisema wanapoteza umri kwa kupokea mambo yasiyo na maana, kama hili la mtoto na ndege. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, akaikalia hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida zaidi ya 60, za fikihi na za adabu. Hebu fikiri, msomaji: mtu mzima, mwenye elimu yake yote, siku baada ya siku juu ya kidege cha mtoto! Bila shaka wako waliomcheka na yeye. Ibnu Hajar, baada ya miaka mia tano, alikuwa bado akizifupisha faida zile katika sherehe yake ya Bukhari.

Imebaki khabari ya mkopo. Hatumwambii mwulizaji amfukuze mdogo wake. Ni damu yake, na ng'ombe alikwisha kwenda. Amwite wakae faragha, wala asimkumbushe kware. Amwulize neno moja: kitu hicho kipya, mwisho wake kitatumiwa na nani? Akimtaja mtu wa Kenyenya au wa mji wa Kisii ambaye tayari hukinunua, na hukinunua kwa matumizi yake, basi wazungumze juu ya fedha, waandikiane, wawekeane mashahidi. Akijibu kwamba wanunuzi ni watu wanaotaka kuingia katika biashara hiyo hiyo, amwandalie chai na sanduku la duka alifunge.

Na lile daftari la kijana, mwulizaji akiweza atunakilie kurasa mbili tatu. Katika darasa letu yuko mtu mzima mwenye njiwa wa miaka mingi, nasi humcheka kila siku. Naye ashikilia kwamba huku kwetu mayai huangua kwa siku 17 au 18, na ataka kujua katika baridi ya milima ya Kenyenya huchukua siku ngapi.