Dondoo muhimu: Kuchora ramani ya Faerûn

Amua kwanza unafuata toleo lipi. Faerûn ya kisanduku cha mchezo cha mwaka 1987, bara la dunia aliyoibuni Ed Greenwood, si ile ya ramani ya 2001: bara lilibanwa na baadhi ya maeneo yakasogezwa. Ukichanganya hizo mbili, hesabu ya siku za safari haitatoka sawa. Andika mwaka wa chanzo chako karibu na skeli.

Kosa linalonikera zaidi kwenye ramani za mashabiki ni mito. Mto hushuka kutoka nyanda za juu ukipokea vijito njiani. Ni nadra kugawanyika kabla ya kufika kwenye delta. Kwa hiyo chora milima kwanza.

Majina yaweke kwenye tabaka lake. Vijiji ulivyobuni mwenyewe vipe rangi tofauti, wenzako wavitambue.