SOMO LA MADINI: KUITAMBUA RODOKROSITI

Wanachama wa vyama vya wachimbaji wadogo hawana budi kufahamu kwamba rangi peke yake haitoshi kulitambulisha jiwe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mawe mengi yana rangi ya waridi, lakini bei zake hazilingani. Chama kinachoandika jina lisilo sahihi katika stakabadhi ya mauzo ama hujipunja chenyewe, ama hupoteza imani ya mnunuzi.

Rodokrositi ni kaboneti ya manganizi, na manganizi hiyo ndiyo iipayo rangi ya waridi hadi nyekundu. Huko Capillitas, Argentina, hupatikana yenye mistari myeupe na ya waridi; mgodi wa Sweet Home, Colorado, Marekani, ulitoa fuwele nyekundu zilizosifika sana.

Vipimo vianze na visivyolidhuru jiwe:

1. Kutazama. Sehemu iliyokaa hewani huota ukoko wa kahawia au mweusi. Hata hivyo rodoniti, ambayo ni silika ya manganizi, nayo huwa na weusi kama huo. Kwa hiyo dalili hii haitoshi.

2. Uzito. Rodokrositi ni nzito mara 3.5 hadi 3.7 kuliko maji ya ujazo uleule. Kalisiti ya waridi, kama ile ya Katanga, Kongo, inayopata rangi yake kutokana na kobalti, ni mara 2.7 tu.

3. Ugumu. Katika kipimo cha Mohs, rodokrositi ina ugumu wa 3.5 hadi 4, hivyo kisu cha chuma huikwaruza. Rodoniti, yenye ugumu wa 5.5 hadi 6.5, hukishinda kisu. Jiwe likwaruzwe upande usioonekana.

4. Asidi. Kitone cha asidi hidrokloriki iliyozimuliwa kidondoshwe juu ya unga wa kipande kilichovunjika, kamwe si juu ya fuwele nzima. Kalisiti hutoa mapovu mara moja; rodokrositi hutoa polepole, na kwa nguvu asidi ikipashwa moto kidogo; rodoniti haitoi. Mpimaji avae glavu na miwani, na asikae mahali pasipo hewa.

Katibu aandike matokeo ya kila kipimo daftarini mbele ya mwanachama mwenye jiwe. Vipimo vikipingana, jina lisiandikwe; sampuli ipelekwe maabara ya madini kwanza. Kungoja majibu ni gharama ndogo kuliko kurudishiwa mzigo.