Bushi za Datsun 240Z: kaza gari likiwa chini

Swali: Datsun 240Z yangu ya 1972 huvuta upande nikishika breki, na kwenye matuta nasikia mgongano chini. Fundi anasema ni bushi. Niweke raba au poliyurethani?

Jibu: Fundi huenda hajakosea. Modeli hii ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, lakini raba huzeeka hata gari likilala gereji. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Anzia mbele, kwenye bushi za mikono ya chini na za fimbo zinazoizuia isiende mbele na nyuma. Zikilegea, breki huvuta. Nyuma pana kazi: pini ndefu ya mkono wa chini hushikwa na kutu. Ilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa. Ukiigonga kwa pupa utaharibu nyuzi zake.

Kwa safari za kawaida raba yatosha. Poliyurethani ni ngumu zaidi, hupitisha mtikisiko na huhitaji grisi. Kosa kubwa ni kukaza kabisa bushi za raba gari likining'inia kwenye jeki: likishushwa, raba hujisokota na kupasuka mapema. Matairi yakanyage chini kwanza, ndipo ukaze. Kisha pima alaimenti.