Kwetu Ni Wapi? Maneno Machache juu ya Asili na Uraia

Miongoni mwa masuala tuletewayo darasani, hili hurudi mara kwa mara: mtu akienda kukaa katika nchi waliyotoka wazee wake, je, amerudi kwao, au yu mgeni huko? Wengi hujibu upesi, na jibu lao huwafaa wao wenyewe na kuwadhuru wenzao. Sisi twaona ni bora tuanze mbali na nyumba zetu, tuanze Meru, kisha ndipo tujitazame.

Wameru wamepokea kwa wazee wao kwamba asili yao ni pwani, mahali paitwapo Mbwaa. Huko walitawaliwa na watu wanaowaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, waliowakalifisha mambo yasiyowezekana: kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, na mkuki wa kufika mbinguni. Mwisho walitoroka wakiongozwa na Koomenjoe, na maji yakawapasukia. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana Njeru, weupe. Msomaji atakumbuka hapa kisa cha Nabii Musa, alayhi ssalam, wala si yeye wa kwanza kukikumbuka.

Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyekusanya habari za wazee wa Meru, aliona kuwa Mbwaa ni katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Wataalamu wengine hawakukubali. Ilimu ya lugha nayo yakiweka Kimeru fungu moja na Kiembu, Kikuyu na Kikamba, na Kiswahili, Kigiriama na Kipokomo yaviweka fungu jingine. Ama Waembu, jirani zao, mashuhuri kwao ni kuwa wametokana na Mwenendega na mkewe, na msitu wenye jina lake uko huko huko Embu, karibu na Runyenjes. Basi hawa ni majirani wa mlima mmoja. Mmoja asili yake iko ng'ambo ya maji, na mwingine iko chini ya miti yake mwenyewe. Wala hapana aliye raia zaidi ya mwenziwe.

Sasa Mmeru na ashuke Lamu au Mombasa na mzigo wake wa miraa, aseme, "Nimerudi kwetu." Je, tutamkubalia? Hatudhani. Tutacheka, tumwite mtu wa bara, tumwambie kuwa lugha yake, shamba lake na makaburi ya babu zake yako Meru. Na tukisema hivyo hatukudhulumu. Lakini mizani hiyo tuliyompimia yeye, tuko tayari kupimiwa?

Kwani sisi nasi tuna Mbwaa yetu. Wengine waitaja Shirazi, wengine Yemen, wengine Omani. Katika siku za ukoloni Thenashara Taifa wa Mombasa walishindana na serikali wahesabiwe pamoja na Waarabu, wasiandikwe wenyeji, maana kila jina lilikuwa na kodi yake na haki zake. Na ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja na ukaendeshwa na Waingereza tangu mkataba wa 1895, ulitiwa katika Kenya 1963, huku wako waliokuwa wakidai Mwambao uwe peke yake.

Waliokwenda kuipima asili yao kwa miguu ni ndugu zetu wa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wengi walikimbia, na alipotawala Sultani Qaboos Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warejee, wakaenda Maskati makundi kwa makundi. Wengi walikuwa wamesoma, wakijua Kiingereza, na nchi ilikuwa yahitaji watu. Wakapata kazi katika mafuta, mahospitali na mawizara. Lakini Kiarabu cha wengi wao kilikuwa kizito, na nyumbani walisema Kiswahili. Unguja waliitwa Waarabu, na kwa jina hilo wakafukuzwa. Maskati wakaitwa Wazanzibari. Kuna waliolichukia jina hilo, na kuna waliolishika kwa fahari, wakawasomesha watoto wao Kiswahili kwa makusudi. Twaona hawa wa pili ndio walioijua nafsi yao. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imeeleza kuwa watu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane. Haikusema kuwa nasaba ni hati ya kumiliki nchi.

Ama sheria, haiulizi hadithi za wazee. Katiba ya Kenya ya 2010 yamruhusu raia wa kuzaliwa kuchukua uraia wa nchi nyingine asipoteze wake. Omani haikubali uraia wa nchi mbili ila kwa idhini maalumu. Basi kijana wa Mombasa atakaye pasi ya huko huenda akatakiwa kuiacha ya huku, na kwa kuiacha ameacha kura yake na pasi ya kurudia kwa mamake. Twawaomba wazee wenye watoto Maskati wawaeleze habari hii kabla hawajatia sahihi. Na katika hesabu ya watu ya Kenya ya 2019, Waarabu wa Kenya waliandikwa fungu moja na Waswahili fungu jingine; ndugu wawili wa tumbo moja, wakaao nyumba moja Mji wa Kale, wangeweza kuhesabiwa makabila mawili.