Ngoma Ndani ya Basi: Somo la Kitovu cha Uzito

Katika Mkoa wa Kagera, kama kwingineko nchini, jamaa wakiwa na harusi au mahafali huchangishana fedha na kukodi basi. Kutoka Muleba hadi Bukoba ni yapata kilomita 70, na aghalabu sherehe huanza njiani: ngoma hupigwa, abiria husimama ujiani, wakacheza. Hatukusudii kuwanyima watu furaha yao. Twataka kuonyesha kwamba fizikia ya sekondari yaweza kupima jambo ambalo wenye sherehe hulikadiria kwa macho tu.

Kila kitu kina nukta ambayo uzito wake wote waweza kudhaniwa kuwa umekusanyika hapo. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito. Gari linapopiga kona, nguvu ya kuligeuza hutoka barabarani kupitia matairi, ilhali kitovu cha uzito kiko juu. Kwa hiyo gari huelekea kulalia upande wa nje. Litapinduka iwapo v²h/r yazidi gd. Hapa v ni mwendo, h ni kimo cha kitovu cha uzito, r ni nusu kipenyo cha kona, d ni umbali wa mlalo kutoka kitovu hadi matairi ya nje, na g ni 9.8. Msomaji ataona kwamba tungamo la gari halimo katika kanuni hii. Wale wasemao kuwa basi likijaa ndipo hushika barabara wamekosea: kinachohesabiwa ni mahali mzigo ulipo.

Tuchukue mfano wa basi dogo lenye tungamo la kilo 3,500, na kitovu chake kiko mita 0.9 juu ya barabara. Abiria ni 30, kila mmoja kilo 65. Wakiketi, vitovu vyao viko kwenye kimo cha mita 1.3, wakisimama, mita 1.8. Umbali d uwe mita 0.85 na r mita 40. Abiria wote wakiwa wameketi, h ni mita 1.04, na gari laweza kufikia kilomita 64 kwa saa kabla ya kupinduka. Wakisimama wote, na juu ya paa (mita 2.8) pakiwa na mikungu ya ndizi na vyombo vya kilo 300, h hupanda hadi mita 1.30, na kikomo hushuka hadi 58.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini wachezaji hawatulii. Kona ikiwasukuma wote nusu mita upande wa nje, d hupungua hadi mita 0.68, na kikomo huwa kilomita 51 tu. Dereva hakuongeza mwendo hata kidogo. Abiria ndio waliobadili gari. Tena springi hulilaza gari zaidi, hivyo kikomo halisi ni cha chini kuliko hesabu yetu. Kwenye udongo uliolowa, na Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, gari huenda likateleza kabla ya kupinduka, jambo ambalo si faraja.

Majini kanuni ni nyingine, ila kitovu cha uzito ni kile kile. Meli ya MV Bukoba, iliyopita Kemondo ikielekea Mwanza, ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na abiria kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa.

Kuna pia breki. Aliyesimama ujiani katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari likigonga kitu na kusimama ghafla, huendelea mbele kwa mwendo ule ule, sawa na mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi.

Kuwaambia wasindikizaji wa bibi harusi wanyamaze ni kazi bure. Waimbe wakiwa wameketi; vyombo vizito viwekwe sakafuni; na wanaotaka kucheza wateremke Kemondo, basi likiwa limesimama.

Darasani, mwalimu atengeneze kigari cha boksi. Akiweke kwa ubavu juu ya ubao, magurudumu ya chini yakizuiwa na kijiti chembamba, kisha ainue ubao polepole. Wanafunzi wapime pembe ambapo kigari huanguka: kwanza mawe yakiwa sakafuni, kisha juu ya paa, mwisho yakiwa yamesogezwa upande wa chini. Tanjenti ya pembe hiyo ni d/h. Kwa basi letu pembe hizo ni nyuzi 39, 33 na 28.