Jinsi ya Kutawala Moto wa Mkaa

Kila mwanafunzi aliyepata kumsaidia mama yake kupika wali kwa mkaa anaijua kazi hiyo. Maji yakichemka na mchele ukatiwa, mlango mdogo wa jiko hufungwa ili moto upungue. Maji yakikauka, makaa machache hupaliwa juu ya mfuniko. Mama hana kipimajoto. Husikiliza sauti ya sufuria, hunusa, husogeza kiganja, kisha hufungua mlango au huufunga. Akizidi kuongea na jirani, sote tunajua tutakula ukoko.

Katika makala hii nataka kueleza namna kazi hiyo ya mama ilivyopewa mashine. Siku hizi wako watu katika nchi nyingine wanaochoma nyama katika jiko la kauri lenye kifaa kinachotawala joto chenyewe usiku kucha, na mwenye jiko amelala. Huenda kifaa hicho usikione katika maduka ya hapa Songea, lakini kanuni zake ni zile zile za jiko la nyumbani, na mojawapo ya kanuni hizo imekwisha kuua watu.

Kwanza tufahamu kwamba moto wa mkaa hutawaliwa kwa hewa. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Gramu 12 za kaboni huhitaji gramu 32 za oksijeni ili ziungue kabisa na kuwa kaboni daioksaidi. Basi kilo 1 ya kaboni huhitaji oksijeni kilo 2 na theluthi mbili. Na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 23 ya uzito wa hewa, kilo hiyo moja itataka hewa kilo 11 na nusu hivi. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu hununua mkaa kwa fedha akasahau kwamba jiko lake hula hewa nyingi zaidi, tena bure. Wahunzi wa kale hawakusahau. Wafipa walijenga matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yenye matundu chini. Hewa ya moto ilipopanda juu ilivuta hewa baridi iingie chini, bila mtu kuvukuta.

Jiko la kauri ninalolisema lina umbo kama yai kubwa. Kuta zake ni nene, mfuniko wake ni mzito, nalo lina tundu moja chini la kuingiza hewa na jingine juu la kutoa moshi. Asili yake ni Japani, ambako jiko la udongo la namna hiyo lilitumika kupikia wali. Wamarekani walilijua baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, wakalipeleka kwao. Kauri hupitisha joto polepole, kama ule udongo wa kuchomwa uliomo ndani ya majiko yetu ya bati. Ndiyo sababu ukishika bati la jiko lenye udongo huungui upesi kama ukishika jiko la bati tupu.

Mawazo ya kuuachia moto ujitawale si mapya. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1572 na kufa London mwaka 1633, alitengeneza sanduku la kuangulia mayai lililopashwa joto kwa moto. Ndani yake alitia chombo chenye spiriti na zebaki. Joto lilipozidi, spiriti ilitanuka ikaisukuma zebaki, zebaki ikainua kijiti, kijiti kikafunga njia ya hewa. Moto ukapungua, spiriti ikanywea, njia ikafunguka tena. Tazameni uzuri wa jambo hili: joto lenyewe ndilo lililopunguza joto.

Kifaa cha leo hufanya vivyo hivyo kwa umeme. Ndani ya jiko huwekwa kipande kidogo ambacho ukinzani wake kwa umeme hubadilika joto likibadilika. Mpishi huchagua alama, tuseme digrii 110 za Sentigredi kwa nyama inayoiva polepole. Kifaa hulinganisha joto lililopo na alama hiyo. Likiwa chini, feni ndogo iliyofungwa kwenye tundu la chini hupuliza. Likifika, feni hunyamaza.

Lakini feni inayopuliza mpaka alama ifikiwe haitoshi, kwa sababu kauri hukaa na joto na mkaa uliokwisha kushika hauzimiki papo hapo. Joto litaipita alama, na kurudi kwake huchukua muda mrefu. Kwa hiyo vifaa vilivyo bora hujiuliza maswali matatu: sasa tuko mbali kiasi gani na alama? Tumekuwa mbali nayo kwa muda gani? Na tunaikaribia kwa kasi gani? Dereva wa lori anayeteremka milima ya Lukumburu hangoji afike kwenye kona ndipo akanyage breki. Swali la tatu ndilo breki ya kifaa: kikiona joto linapanda kwa kasi, hupunguza feni kabla ya alama.

Hata hivyo kifaa hakina akili ya mama. Mpishi akiinua mfuniko atazame nyama, hewa baridi huingia na kipimajoto hushuka. Mama angejua kwamba moto haukupungua. Kifaa hudhani umekufa, hupuliza kwa nguvu zote, na mfuniko ukirudishwa jiko huwa tanuri. Zaidi ya hayo, feni huweza kuongeza moto tu, haiwezi kuupoza. Kwa sababu hiyo huwashwa makaa machache kwanza, na tundu la juu huachwa wazi kidogo tu. Umeme ukikatika feni husimama na moto hufifia, jambo ambalo ni afadhali kuliko kinyume chake.

Sasa nifikie ile kanuni ya hatari. Mkaa unaponyimwa hewa, kaboni haiungui kabisa, nayo hutoa kaboni monoksaidi. Kwanza ni hasara, kwa maana kaboni iliyoishia hapo imetoa kama robo tu ya joto lake. Pili ni sumu. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu akalala asiamke. Kifaa hupima joto, hakipimi hewa hiyo. Jiko linalotawaliwa vizuri katika joto dogo ni jiko lililonyimwa hewa kwa makusudi, kwa hiyo mahali pake ni nje. Na jiko letu lililofungwa mlango, lenye makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambalo mtu huliingiza chumbani usiku wa baridi ya Juni au Julai, halina tofauti nalo. Watu hudhani kwamba palipo pasipo na moshi ni salama.

Wanaotaka kujaribu, wafanye hivi, uwanjani. Chukueni jiko lenye udongo ndani na sufuria yenye mfuniko na lita 2 za maji. Pimeni mkaa kwa mizani kabla ya kuwasha. Maji yakichemka, yaacheni yatokote nusu saa mlango ukiwa wazi, kisha zimeni makaa kwa kuyafunika ndani ya debe, yapoe, mpime yaliyobaki. Kesho yake rudieni kwa mkaa wa uzito ule ule, lakini mara hii fungeni mlango maji yanapochemka, na mwanafunzi mmoja aufungue kidogo kila maji yanapoacha kutokota. Andikeni ni mara ngapi aliufungua, na ni gramu ngapi zilizookolewa.