Mtoto Mzima Anapotaka Kwenda Kujitolea Nchi ya Nje: Somo kwa Wazazi wa Mpakani

Asubuhi moja mzee wa kijiji kilicho karibu na Mutukula alifika katika ofisi yetu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Tulimkaribisha kiti, akakataa kuketi. "Afande," alisema, "binti yangu ameandikiwa barua aende Tanzania kufanya kazi ya bure mwaka mzima. Nimemkataza, hasikii. Naomba jina lake lipelekwe pale mpakani, akifika azuiwe." Tulipomwuliza umri wa binti huyo, alijibu kuwa ana miaka 24, tena ni muuguzi mwenye stashahada. Ilitubidi tumweleze jambo ambalo hakulipenda: hatuna uwezo wa kumzuia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila raia haki ya kutoka nchini, kurejea, na kumiliki pasipoti. Aliyetimiza miaka 18 si mtoto tena mbele ya sheria, hata kama kwa mzazi wake atabaki mtoto hadi mvi zimwote. Mtu mzima huzuiwa mpakani kwa amri ya mahakama, au anaposhukiwa kosa, au hati zake zinapokuwa na kasoro. Hofu ya baba, ingawa tunaiheshimu, haimo katika orodha hiyo.

Hata hivyo hatukumwacha mzee aondoke hivi hivi. Tulimwomba aketi, tufungue bahasha pamoja. Somo la toleo hili limetokana na mazungumzo ya siku ile, na tunalitoa kwa kuwa maombi kama yake hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wazazi wa pande zote mbili za mpaka.

Kabla ya kuisoma barua, mzee alitoa dukuduku lake. Binti huyo alisomeshwa kwa kahawa. Nyuma yake wako wadogo wawili walio sekondari, na baba alikuwa amehesabu kwamba mwaka huu dada yao ataanza kuchangia karo. Sasa anasikia kwamba msomi wake anakwenda kutibu watu wa mbali pasipo mshahara! Tuliona wazi kuwa hasira yake haikuwa juu ya Tanzania wala juu ya kujitolea. Ilikuwa juu ya ahadi ambayo hakuna aliyewahi kuitamka, lakini kila mtu nyumbani aliijua. Mzazi aliye katika hali hiyo tunamshauri aitamke. Amwambie mwanawe waziwazi: nilikutegemea kwa karo, tufanyeje? Binti akilijua jambo hilo, anaweza kuahirisha safari, au kupunguza muda wake, au kupanga na baba namna ya kulipa atakaporudi. Asipoambiwa, atasikia katazo tupu, naye atalijibu kwa kuondoka.

Tunalisema hili kwa sababu tumeliona likitokea. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya nyingine ya mpakani tuliyowahi kuihudumia, kijana wa miaka 22 alipigiwa simu na mtu asiyemfahamu. Aliambiwa kuwa atajitolea miezi mitatu kufundisha watoto kandanda ng'ambo ya mpaka, kisha ataajiriwa. Mama yake alikataa, na katika ugomvi akamtupia neno: "Ukivuka mpaka huo, usirudi." Kijana alivuka usiku kwa njia ya panya. Huko alikofika hapakuwa na uwanja wala watoto. Kitambulisho chake kilichukuliwa, akawekwa shambani, akaambiwa kuwa anadaiwa nauli na chakula, hivyo afanye kazi hadi deni liishe. Mama alipokuja kwetu, mwezi wa nne ulikuwa umeingia. Hakuwa na nakala ya kitambulisho, wala namba ya yule aliyepiga simu, wala jina la mahali. Kijana alirejea hatimaye kwa msaada wa wasamaria wema. Tulipokuwa tukiandika maelezo yake tulimwuliza kwa nini hakupiga simu nyumbani, maana kuna siku aliazimwa simu na wenzake. Alijibu, "Mama alisema nisirudi."

Baadhi ya wazee hutuambia kuwa mtoto akililia wembe apewe, dunia itamfunza. Sisi tuliopokea maelezo ya waliokatwa na wembe huo hatukubaliani nao. Mzazi ana nafasi nyingine kati ya kukataza na kuachia: kuwa mtu wa kwanza ambaye mwanawe atampigia simu mambo yakiharibika.

Kisa cha kijana yule kina jina katika sheria. Sheria ya Uganda ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 inatambua kosa hilo pale mtu anapochukuliwa, kusafirishwa au kupokelewa kwa vitisho, kwa hila au kwa kutumia udhaifu wake, kwa lengo la kumnyonya. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 15, na kosa likiwa la uzito zaidi, kifungo cha maisha. Wazazi wengi hushangaa wanapoambiwa kuwa ridhaa ya aliyedanganywa si kinga kwa mhalifu. Kijana alikubali kwenda, ndiyo, lakini alikubali kufundisha kandanda. Aidha sheria hiyo inamlinda mwathirika asiadhibiwe kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe alivuka kwa njia ya panya asiogope kuja kutoa taarifa.

Turudi kwenye bahasha ya mzee. Barua ilikuwa na anwani, jina la kituo cha afya mkoani Kigoma, majukumu ya kazi, muda wa mwaka mmoja, na maelezo kwamba binti atapewa chumba, posho ya chakula na bima ya matibabu. Hizo ni dalili njema. Kujitolea kwa kweli si kufanya kazi kwa njaa. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Kujitolea, unaojulikana kwa kifupi UNV, ulioanzishwa mwaka 1970 na wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, huwapa wanaojitolea posho ya kujikimu, na haumtozi mwombaji ada yoyote. Yapo pia mashirika ya kweli ambayo humtaka anayejitolea ajilipie nauli au achangie malazi. Kuombwa fedha peke yake, basi, si ushahidi wa utapeli. Swali ni fedha hizo zinakwenda wapi. Zikielekezwa kwenye akaunti ya taasisi na stakabadhi ikatolewa, hilo ni jambo moja. Zikitakiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, tena leo kabla ya jua kutua, hilo ni jambo jingine kabisa.

Tulimshauri mzee asitegemee namba iliyoandikwa kwenye barua peke yake. Tapeli huweka namba yake, kisha hujipokelea mwenyewe na kujithibitisha. Atafute kituo kwa njia nyingine: kupitia ofisi ya serikali ya eneo lile, kanisa au msikiti wenye uhusiano huko, ama mtu wa kwao anayeishi karibu. Sisi watu wa mpakani tuna bahati hiyo, kwamba ndugu zetu wako pande zote. Shangazi aliyeolewa Bukoba anaweza kuuliza kwa siku mbili jambo ambalo ofisi ingelitafuta mwezi mzima.

Lakini mstari wa mwisho wa barua ulitufanya tusimame. Ulisema: "Ingia kwa kibali cha mgeni, mengine tutayashughulikia ukifika." Hapa tunawaomba wasomaji watusikilize vizuri. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa kibali cha mgeni cha hadi miezi 6 pasipo malipo, na kwa ajili hiyo wengi hudhani kuwa kibali hicho kinatosha kwa kila shughuli. Hakitoshi. Ni cha kutembelea. Tanzania ina kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho hutolewa kwa watu kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Kenya nayo ina kibali cha daraja I kwa shughuli za kidini na za hisani zilizoidhinishwa. Kutolipwa mshahara hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali. Anayenaswa akihudumia wagonjwa kwa kibali cha mgeni huweza kushtakiwa na kurudishwa kwao, hata kama moyo wake ulikuwa safi.

Hatukusema kuwa barua ni ya uongo. Pengine mwandishi wake alikuwa mzembe tu, au alitaka kuokoa muda. Tulimshauri mzee aende akaketi na binti yake, waandike jibu pamoja: nitakuja kwa furaha, lakini baada ya kibali kuombwa na kupatikana. Alituuliza kama kufanya hivyo si kumkubalia. Tulimjibu kuwa binti amekwisha kuamua. Kilichobaki ni aondoke na baba yake au aondoke peke yake.

Kuhusu hati, tutasema kwa ufupi. Mganda huingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, lakini kwa Tanzania atahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti chake huanza kutambuliwa baada ya siku hizo. Nyumbani zibaki nakala za pasipoti, kibali, barua ya mwaliko, vyeti vya taaluma, na picha ya karibuni. Nakala hizo zisifungiwe sandukuni na mtu mmoja. Mama azijue, na kaka azijue. Msafiri naye aelezwe kuwa pasipoti ni yake, mwajiri au mwenyeji hana haki ya kuishikilia, na kwamba akikamatwa ugenini ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, nao ubalozi wa Uganda nchini Tanzania uko Dar es Salaam.

Mtoto akisha kuondoka, wazazi huanguka katika makosa mawili. La kwanza ni kuamini kila simu. Matapeli hujua nani ana mtoto nje, nao hupiga usiku wakisema, "Mwanao amekamatwa, tuma fedha upesi." Familia ikubaliane mapema swali moja ambalo jibu lake linajulikana nyumbani tu, kama vile jina la mbuzi wa kwanza aliyefugwa na nyanya. Na ieleweke kuwa polisi, wa huku na wa kule, hawapokei faini kwenye simu ya mtu binafsi.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulisema, kwa kuwa hutokana na mapenzi yaliyochanganyika na dhiki. Jirani huuliza, "Wako yuko ng'ambo, mbona nyumba haijapata bati?" Mzazi huona haya, hupiga simu, huomba kidogo. Posho ya anayejitolea ni ya kumlisha yeye. Akibanwa na nyumbani, hutafuta kibarua cha pembeni ambacho kibali chake hakikiruhusu, na kesho yake yuko mahabusu. Anayetaka mwanawe arudi salama asimdai mshahara ambao hakuufuata. Ampigie siku waliyokubaliana, amwulize amelala wapi, amekula nini, nani anamsumbua. Naye akinyamaza pale alipozoea kucheka, mzazi asilipuuze hilo. Simu ikikosekana kwa siku zisizo za kawaida, aje kituo cha polisi kilicho karibu au apige 999, bila kungoja mwezi uishe.

Kituo kile cha Kigoma kilijibu baada ya wiki tatu, kikakiri kosa, kikaomba kibali. Binti aliondoka miezi miwili baadaye kuliko alivyotaka, na katika miezi hiyo alifanya kazi katika duka la dawa, akalipa karo ya muhula mmoja wa mdogo wake. Baba alimsindikiza hadi kwenye dirisha la uhamiaji Mutukula. Alipita ofisini kwetu akirudi nyumbani, akatuomba tumtolee nakala ya ukurasa uliogongwa muhuri, alioupiga picha kwa simu yake.

Tunawaomba wenyeviti wa LC1 na viongozi wa vikundi vya polisi jamii walisome somo hili barazani na kuwauliza wananchi maswali haya. Ni nani hapa ana mwana au binti aliye nchi ya nje, na je, anajua jina la mahali anapolala? Nakala za hati zake ziko wapi usiku huu? Na neno la mwisho aliloambiwa na mzazi wake kabla ya kuondoka lilikuwa lipi?